Maryamu "Dada Yake Haruni": Je, Ni Haruni Nduguye Nabii Musa?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Katika Suratu Maryam aya ya 28, mama yake Nabii Isa anaitwa "dada yake Haruni", ilhali Haruni tunayemjua ni nduguye Nabii Musa, aliyeishi karne nyingi kabla yake. Mwenzangu kazini anadai hapa pana kosa, nami nilikosa la kumjibu.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Usione haya kwa kukosa jibu, kwani swali hilo hilo Wakristo wa Najrani, mji wa kusini mwa Arabuni, walimuuliza Swahaba al-Mughira bin Shu'ba, radhi za Allah ziwe juu yake, wakimkumbusha umbali wa miaka baina ya Musa na Isa, naye hakujua awaambie nini. Aliporejea alimweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, akajibiwa kwamba watu wale walikuwa wakiwapa watoto wao majina ya Manabii na waja wema waliowatangulia. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim.

Basi jina ni moja, wenye jina ni wawili. Ndivyo ilivyo pia kwa Imrani, ambalo ni jina la babake Musa na la babake Maryamu. Wala Qur'ani haikuchanganya zama, kwa kuwa katika al-Baqara aya ya 87 imesema wazi kuwa baada ya Musa walifuatishwa Mitume wengine, ndipo akatajwa Isa mwana wa Maryamu. Msomee mwenzako aya hiyo pamoja na ile aliyoishika.

Wapo wanavyuoni waliosema kuwa anayekusudiwa ni Nabii Haruni mwenyewe, na kwamba "dada" hapa ni mtu wa ukoo wake, kama Nabii Hud alivyoitwa ndugu wa kina Adi, yaani kaumu yake, katika al-A'raf aya ya 65. Lugha ya Kiarabu inakubali hilo. Wengine wamesema Haruni huyo alikuwa mchamungu wa zama za Maryamu, na watu wakamfananisha Maryamu naye. Ninaloliona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba Maryamu alikuwa na ndugu wa damu aitwaye Haruni, kwa sababu wale waliomlaumu alipowajia amembeba mwanawe walianza kwa kumtaja Haruni, kisha wakasema babake hakuwa mtu mwovu wala mamake hakuwa kahaba. Yaani walikuwa wakiwataja watu wa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine.

Wallahu aalam.