Bata wa kuachia huru: wasiliwe na wanyama na wasipotee

Mkuu nimesoma swali lako, bata wanapungua mmoja mmoja na waliobaki wanahamia kwa jirani, na hutaki kuwafungia kutwa. Nimefuga bata wa kuachia kwa muda mrefu na kwa nilivyoona mimi hayo matatizo mawili dawa yake ni moja: wajue kwamba jioni kuna chakula bandani, na usiku walale ndani mlango umefungwa. Mengine yote niliyoyaandika hapa chini yanasaidia lakini hilo lisipokuwepo utaendelea tu kuhesabu hasara.

Watu wengi wanadhani bata ni kama kuku kwamba giza likiingia atajirudisha mwenyewe. Kuku anatafuta pa kulala, bata hana haraka hiyo, akikutwa na usiku kwenye tope anaendelea kuchokoa humo humo, na akichoka analala chini hapo alipo. Maskovi, wale bata wenye nyama nyekundu usoni, ndio kidogo tofauti, wana kucha za kushikilia kwa hiyo wanaweza kupanda kwenye mti au paa. Sasa bata aliyelala chini nje, mbweha akipita, au kicheche, au mbwa, hana pa kukimbilia.

Kuwafundisha ni hivi. Wafungie bandani wiki moja hadi mbili mfululizo, wale humo, wanywe humo, walale humo. Baada ya hapo siku za kwanza usiwaachie asubuhi, waachie jioni kama saa moja kabla ya giza wakiwa na njaa, halafu waite kwa sauti ile ile moja ukitikisa chombo kile kile cha chakula, wataingia wenyewe. Ongeza muda wa nje taratibu. Asubuhi wape kidogo sana au usiwape kabisa kama nje kuna majani na wadudu wa kutosha, shibe yao iwe ya jioni. Bata akishashiba huko nje hana sababu ya kukusikiliza. Wakigoma usiwakimbize wala usiwarushie kitu, shika fimbo mbili ndefu, mikono umetanua, tembea polepole nyuma yao, bata wanapenda kwenda kwa kundi na wa mbele akiingia wengine wanafuata. Kama ndani ni giza totoro watasita mlangoni, weka hata kataa kadogo ka sola.

Banda lenyewe sasa, hapa naomba usibanie. Ule wavu mwepesi wa kuku wa matundu ya pembe sita unazuia kuku asitoke, hauzuii mbwa asiingie, anauchana kwa meno, na mnyama mwembamba anapenya au anaingiza mkono na kumvuta bata aliyelala pembeni. Tumia wavu mgumu wa waya nene wenye matundu ya nusu inchi, na chini uulaze kwa nje kama sentimita 30 mpaka 60 kutoka ukutani, ufunike na udongo au mawe, kwa sababu mnyama anayechimba huanzia pale pale kwenye ukuta na akikutana na waya anaishia hapo. Matundu ya hewa yawe juu na yote yawe na wavu, usiyazibe, bata anatoa unyevu mwingi sana na banda lisilopumua litakuletea magonjwa. Mlango uweke komeo la kweli, sio kamba au kigogo cha kuegesha. Na kama unawaachia chakula usiku waachie na maji, bata hawezi kumeza chakula kikavu bila maji, la sivyo ondoa vyote viwili mpaka asubuhi.

Kitu kingine kizuri cha kuwalaza ndani ni mayai. Bata wengi hutaga alfajiri, ukisubiri mpaka kama saa tatu asubuhi ndio ufungue, karibu mayai yote unayakuta ndani badala ya kumlisha kenge na panya huko vichakani.

Kuhusu kuhama, jiulize kwanza wanafuata nini. Mara nyingi ni maji. Sio lazima uwe na bwawa, beseni pana la kuweza kuzamisha kichwa chote na kuosha macho na pua linatosha, ila liwe karibu na banda na lijae maji masafi, maana likikauka mchana wataenda kuyatafuta mbele. Angalia pia idadi ya madume, dume mmoja kwa majike wanne au watano inatosha, madume yakizidi majike yanasumbuliwa mpaka yanakimbia makazi. Kwa bata wazito wasioruka fensi ya futi tatu inawatosha. Maskovi wanaruka, hasa majike, hao unawapunguza manyoya marefu ya bawa moja tu, upande mmoja, ili wakose mizani. Usikate unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu. Manyoya yataota tena akinyonyoka, kwa hiyo ni kazi ya kurudia, na ujue kwamba aliyekatwa hawezi tena kuruka kumkwepa mbwa, mi nawakata wale watoro tu.

Jike akipotea ghafla usikimbilie kusema ameliwa. Wengi wanakuwa wamejificha wanaatamia, maskovi siku 35, bata wengine wengi 28, na anatoka mara moja kwa siku kula na kuoga kisha anarudi. Mvizie akitoka, mfuate kwa mbali utaona kiota. Kumwacha huko usiku ni hatari kubwa sana, mzungushie wavu mgumu hapo hapo pande zote na juu, maana ukimhamisha wengi wanakisusa.

Vifaranga ni habari nyingine kabisa. Mwewe, kunguru, paka, nguchiro, kila mtu anawataka. Hao wasizurure kabisa mpaka wawe na wiki nane hivi, wakae kwenye uzio uliofunikwa juu. Bata mkubwa mwewe wengi hawamwezi, ila vichaka vya kujificha vinasaidia, utawaona wakigeuza kichwa jicho moja liangalie juu kisha wanatulia kimya.

Mchana adui mkubwa ni mbwa, na mara nyingi ni mbwa wa mtu. Akiwakuta anaweza kuua wengi bila kula hata mmoja. Ongea na jirani mapema. Sumu usiweke, nakuomba, bata anaokota kila kitu na utaua hata paka wa watu.

Na mnyama aliyepata bata leo atarudi kesho, kwa hiyo usiku wa leo wafungie hata jikoni kama banda halijawa tayari. Halafu tuambie unakuta nini asubuhi: ukikuta patupu na manyoya machache kuna aliyembeba mzima, ukikuta wengi wameuawa na kuachwa ni mbwa au jamii ya kicheche, yakipotea mayai peke yake ni kenge, nyoka au panya. Na sema ni maskovi au wale wazito, tukushauri vizuri kuhusu fensi.