Sarafu Imeuzwa, Picha Ibaki

Mteja ameshalipa, sarafu imefungwa, na simu inakukumbusha kwamba nafasi imejaa. Hapo ndipo wakusanyaji wengi hufuta picha za sarafu walizouza. Usifute. Sarafu ikishaondoka mkononi, picha ndiyo kitu pekee kitakachokujibu utakapoulizwa ilikuwaje.

Chukua hela 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Iligongwa wakati wa vita, Wajerumani wakiwa hawawezi tena kupata sarafu kutoka kwao, na karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. (Hela hizohizo za Wajerumani ndizo zilizotuachia neno tunalolitumia kila siku.) Vifaa vilikuwa duni, na vyuma vya kugongea vilichakaa upesi. Ndiyo maana ni shida kupata mbili zinazofanana kabisa: moja ina mstari wa ufa juu ya taji, nyingine imegongwa ikiwa imesogea pembeni, nyingine ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kisha kuna ncha za zile L mbili katika neno HELLER, ambazo huwa zimechongoka au zimejipinda. Ncha hiyo ni ndogo mno, na hakuna anayeweza kuikumbuka kichwani baada ya miaka mitatu. Picha nzuri inaikumbuka.

Rupia 15 za dhahabu, zenye tembo na mlima, nazo ziligongwa Tabora mwaka huohuo. Aina zake mbili hutofautishwa na pambo la kulia: linaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza katika neno OSTAFRIKA. Ukiwa umeuza moja bila picha, halafu mnunuzi akauliza ni aina ipi, utabaki kubahatisha.

Faida kubwa zaidi huonekana kwenye ugomvi. Mnunuzi anaweza kurudisha sarafu akisema siyo aliyoiona, na kweli iliyorudi siyo uliyotuma. Bila picha ni neno lako dhidi ya neno lake. Kwa hiyo kabla ya kufunga kifurushi, tafuta alama tatu ambazo haziwezi kuhamia kwenye sarafu nyingine: mkwaruzo wenye pembe fulani, kidonda kidogo ukingoni, doa la kutu ya kijani karibu na herufi fulani. Ziandike kwa maneno, na hakikisha zinaonekana kwenye picha. Kisha piga picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani ya sonara, namba zikisomeka. Rupia moja ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitoka kiwandani na gramu 11.66 na kipenyo cha milimita 30.5. Iliyotumika sana hupungua kidogo, na upungufu huo ni sehemu ya utambulisho wake. Andika uzito hadi sehemu ya mia ya gramu.

Halafu kuna usafishaji, ambao ndio unaotuuma zaidi. Mtu ananunua sarafu yenye rangi nzuri ya umri, kahawia iliyotulia, anaisugua kwa ndimu na majivu mpaka inang'aa kama sufuria, kisha anaiuza tena. Rangi ile hairudi. Picha ya kabla ndiyo itakayomwonyesha mnunuzi wa tatu kilichofanyika, na bei ya haki ni ipi.

Picha za kutangazia biashara hazitoshi kuhifadhi. Piga upya, hivi: panga vitabu viwili vya unene sawa, laza kipande cha kioo safi juu yake, weka sarafu juu ya kioo na karatasi ya kijivu chini. Kitambaa chekundu huchanganya rangi ya shaba. Simu ikae juu, sentimita 20 hadi 25, na utumie kukuza mara mbili. Ukiisogeza karibu sana, kivuli cha simu huangukia sarafu na ukingo huonekana umepinda. Zima mwanga wa simu na kila kichujio cha kupendezesha. Bonyeza skrini kwa muda mpaka ulengaji ufungwe, weka kuchelewa kwa sekunde 2 ili mkono usitikise. Taa iwe chini, upande mmoja, kama jua la saa kumi na moja jioni, maana mwanga wa kutoka juu moja kwa moja hulaza michoro yote na zile ncha za L hupotea. Piga mara ya pili taa ikiwa upande wa pili. Kisha nyuma, kisha ukingo, ukiwa umeshika sarafu kwa ukingo tu juu ya taulo. Kama iko ndani ya kasha la plastiki na kuitoa ni salama, itoe. Mng'ao wa plastiki hufanana mno na mkwaruzo.

Weka rula kwenye picha moja angalau.

Usihifadhi picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida. Hupunguzwa ukubwa, na taarifa za tarehe zilizofichwa ndani ya faili hupotea. Ukimtumia mteja, itume kama dokumenti. Faili halisi ibaki kwako bila kuhaririwa, maana kila ukiikata na kuihifadhi upya, ubora unashuka. Nakala ya kuwekwa mtandaoni ndiyo ukate na kuandika jina lako juu yake, katikati kabisa, kwa sababu maandishi ya pembeni hukatwa na matapeli kwa sekunde moja. Hao huchukua picha za sarafu za watu na kuuza kitu wasichonacho. Ukiwa na faili kubwa ya mwanzo unaweza kuonyesha nani alipiga. Ondoa pia taarifa za mahali kwenye nakala ya mtandaoni, isije ikamwelekeza mwizi nyumbani kwako.

Jina la faili liwe na nchi, thamani, mwaka, namba yako na upande: DOA-20H-1916-014-mbele (DOA ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na 20H ni hela 20). Jina na simu ya mnunuzi visiingie humo. Viandike kwenye daftari tofauti, kwa namba ileile 014, pamoja na tarehe na bei. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mtu aliyenunua dhahabu hataki ijulikane. Ukiacha picha kwenye ukurasa wako, andika wazi IMEUZWA na ufute bei, la sivyo utapigiwa simu mwaka mzima.

Nafasi siyo kisingizio. Picha nne za megabaiti 5 kwa kila sarafu, kwa sarafu 500, ni takribani gigabaiti 10. Zinaingia kwenye fleshi moja ya gigabaiti 16. Lakini fleshi moja haitoshi: hufa bila taarifa. Weka nakala ya pili kwenye hard diski na ya tatu nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kila mwaka fungua faili chache uone kama zinafunguka kweli.

Si kila sarafu inastahili kazi yote hii. Shilingi ya Tanzania ya 1966 yenye Nyerere na mwenge, iliyotumika kawaida, itoshe picha ya mbele na nyuma, au hata orodha tu. Sarafu ya Tabora, riale ya Zanzibar ya Sultani Barghash, au yoyote yenye kasoro ya kiwandani, ipigwe kikamilifu.

Na kama umeshauza bila picha, mwombe mnunuzi akupigie sasa, kabla hajauza naye. Mweleze mwanga uwe wa upande, na atume kama dokumenti. Picha yenye ukungu unayoipata leo ihifadhi pia. Mstari wa ufa juu ya taji mara nyingi huonekana hata humo.