Simetria za Lie: usianzie daraja la kwanza!

Mdogo wangu wa Goma, weka kalamu chini kwanza. Umeandika kwamba unataka kutatua milinganyo tofautishi (yenye derivati kama y') kwa simetria za Lie, yaani mabadiliko ya x na y yanayopeleka suluhisho kwenye suluhisho, na kwamba utaanza na ule wa daraja la kwanza, y' = f(x, y), "kwa kuwa ndiyo rahisi", ukauliza utumie programu gani na kama ni lazima kusoma nadharia ya makundi, hisabati inayochunguza simetria kwa ujumla. Hapo unapotaka kuanzia ndipo nilipozama mimi hapa Bukavu, miezi minne, memwari, kazi yangu ya kumalizia chuo, ikiningoja.

Asistanti aliyenisimamia aliniambia hivyohivyo: anza chini, utapanda polepole. Inaniuma mpaka leo, maana yeye hakuwahi kufanya hata mfano mmoja kwa mkono wake. Sophus Lie, yule Mnorwe, alionyesha kwamba ukiwa na simetria (ξ, η), ξ ikisema x inasogea kiasi gani na η y inasogea kiasi gani, basi 1/(η − fξ) ni kizidisho kinachoufanya mlinganyo wa daraja la kwanza uintegrike. Sawa, ukiwa nayo! Kuitafuta kunakuachia sharti moja, mlinganyo ambao ξ na η lazima ziutimize, lenye visivyojulikana viwili, halivunjiki vipande, na kulitatua lote ni mzigo uleule wa mlinganyo wenyewe.

Nikajaza makaye, madaftari mazima. Usiku mmoja, moto wa umeme umekatika, nikapata kwa mwanga wa simu: ξ = 1, η = f. Nikaiweka kwenye sharti, ikakubali. Mlinganyo mwingine, ikakubali. Kila mlinganyo! Nikamwamsha kaka yangu kumwonyesha. Nikaandika sura nzima, asistanti akaisoma, akasema endelea. Siku ya utetezi profesa akaniomba kitu kimoja: iweke kwenye kizidisho. η − fξ = f − f. Nilikuwa nagawanya kwa sifuri mbele ya watu. Simetria ile inatelezesha kila suluhisho juu ya mstari wake wenyewe, haikutoi kwenye suluhisho moja kukupeleka jingine. Sura ikatupwa yote.

Anza na mlinganyo wa daraja la pili, y'' = 0. Huko ξ na η zinategemea x na y tu, y' inasimama huru, kwa hiyo kigawo cha kila kipeo cha y' lazima kiwe sifuri. Unapata milinganyo minne midogo: η_xx = 0, 2η_xy = ξ_xx, η_yy = 2ξ_xy, ξ_yy = 0 (η_xx ni derivati ya η kwa x mara mbili, η_xy kwa x kisha kwa y). Jibu lina konstanti 8. Isipotoka milinganyo hiyo minne, kagua derivati zako: pengine umesahau kwamba y nayo inabadilika x inapobadilika.

Makundi yatangoja. Fanya huo leo, kwa mkono, bila mashine, kisha uniambie umepata konstanti ngapi.