Mzee wa Mbio Anajibu: Irina Privalova

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nakimbia mita 100, nina miaka 26. Kocha anataka nihamie mbio za kuruka viunzi. Si nimechelewa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikirie Irina Privalova wa Urusi. Alikuwa mtu wa mbio fupi hasa: shaba ya mita 100 Olimpiki ya Barcelona 1992, na sekunde 6.92 za mita 60 ukumbini, Madrid 1993. Mwaka 2000 akageukia mita 400 za viunzi. Olimpiki ya Sydney mwaka huo, akiwa na miaka 31, alimtangulia Deon Hemmings wa Jamaika, bingwa wa 1996, akashinda dhahabu kwa sekunde 53.02. Nilipiga kelele hadi majirani wakaamka! Kasi unayo tayari. Sasa hesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi. Anza Jumatatu.