Injini ya kinu iliyokamata: weka nyundo chini kwanza

Msomaji wa Masindi ameniletea picha. Ni injini ya dizeli aina ya Lister, ya silinda moja, ya kusagia mahindi, iliyokaa misimu miwili ya mvua chini ya bati linalovuja. Gurudumu halizunguki. Fundi aliyeitwa amekwisha kukata stadi mbili za hedi (bolti zinazoshika kifuniko cha silinda), na sasa anatafuta nyundo kubwa. Ndugu yangu, mwambie asubiri.

Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Ndani ya uzi wa nati haina pa kutanukia, kwa hiyo inabana kama kabari. Ukitumia nguvu tupu, stadi inakatika kabla kutu haijaachia.

Kwa nati zilizobaki, sugua uzi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Changanya asetoni, ile ya duka la rangi, na mafuta ya ATF ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu. Tikisa chupa kila unapotumia, maana hujitenga. Tia matone asubuhi na jioni kwa siku tatu, na kila mara gonga kichwa cha nati kidogokidogo kwa nyundo ya nusu kilo. Mtikisiko ndio unaoyafungulia mafuta njia. Kisha shika soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inakula kona. Anza kwa kukaza kidogo, ndipo ufungue: robo mzunguko, rudisha, tia mafuta, rudia. Ukisikia spana inazunguka kwa ulaini kama inavuta mpira, acha papo hapo. Hiyo ni stadi inajisokota, haijafunguka.

Ikikataa bado, tumia moto, lakini asetoni iwe imekauka na tangi la dizeli liko mbali. Pasha nati, siyo stadi, mpaka iwe nyekundu hafifu. Nati ndiyo inayotakiwa kutanuka. Chuma cha kalibu usikimwagie maji kikiwa moto, kitapasuka. Nati yenye zinki usiichome kabisa, moshi wake unaumiza mapafu.

Zile stadi mbili zilizokatika, mpelekee mchomeleaji hodari, na Katwe, Kampala, hawakosekani. Aweke nati juu ya kisiki, achomelee kwa ndani, aache ipoe kidogo, kisha azungushe. Joto la kuchomelea nalo linasaidia kulegeza. Vifaa vya kung'olea vyenye uzi wa kushoto sivipendi: ni chuma kigumu mno, kikivunjikia ndani hakuna keekee ya kawaida itakayokigusa.

Sasa pistoni, na hapa ndipo injini nyingi zinapouawa na watu wenyewe. Toa nozeli inayopuliza dizeli, mimina karibu robo lita ya ATF na dizeli juu ya pistoni, ngoja wiki nzima. Kiwango kikishuka, furahi: mafuta yanapita kwenye ringi zinazoizunguka pistoni. Hedi ikishatoka, safisha kutu iliyo kwenye kuta za silinda juu ya pistoni kwa msasa laini kabla ya kusogeza chochote, la sivyo ringi zitapanda juu yake na kuvunjika. Ndipo utikise gurudumu mbele na nyuma, usilazimishe upande mmoja. Ukilazimika kugonga, tumia gogo la mti mgumu lenye upana unaokaribia silinda. Pistoni ikiwa juu kabisa, usigonge: fito ya pistoni imesimama wima, kila pigo linaishia kwenye beringi.

Ikishazunguka, hakikisha vali zote mbili zinapanda na kushuka, maana iliyoganda itapinda fito yake ya kusukumia. Mwaga oili ya chini yote, imechanganyika na dizeli, tia mpya. Halafu zungusha kwa mkono mara ishirini nozeli ikiwa bado nje. Mafuta yaliyosalia juu ya pistoni hayabonyei. Ukiwasha yakiwa ndani, fito ya pistoni itapinda.