Wasomaji Wauliza: Nisome Nini Nikingoja Abiria?

SWALI: Bibi, asalaam aleikum. Mimi ni dereva wa tuktuk. Mchana abiria huadimika, na nimechoka kutazama simu. Umesoma nini karibuni kilichokugusa? Nitajie riwaya moja na kitabu kimoja cha maisha ya kweli.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Riwaya ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe babake amemweka rehani kwa deni! Niliisoma barazani kwetu Kibokoni, kahawa ikapoa pembeni, mpaka muadhini wa magharibi akaniinua. Misafara ya bara, bustani yenye ukuta, mtoto wa kutumwa dukani: kwa Kiswahili mambo haya yamerudi kwao. Nilimlilia yule mtoto.

Cha maisha ya kweli ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Kurasa za ukarani wake nilizipita mbio. Lakini Utenzi wa Hati, aliomtungia bintiye, usome kwa sauti, polepole. Nilimsomea mjukuu wangu jikoni tukisukuma mahamri, akaniomba nirudie. Mawaidha yake juu ya mke kwa mumewe sikubaliani nayo yote, na mjukuu nilimwambia hivyo. Mapenzi ya baba yule, hata hivyo, hayana shaka.

Anza na Peponi. Ukifika mwisho niandikie, nijue kama nawe umemkasirikia babake Yusuf.