Usifunge dima mbili kwenye taa zile zile: kwa mleta mada anayetaka kupunguza mwanga wa sebule kutoka milango miwili

Mkuu, kabla fundi wako hajapiga lipu, msimamishe. Umeandika kwamba umekwisha kununua dima mbili kwa ajili ya taa sita za LED kwenye dari la jipsamu, moja ya mlango mkubwa na nyingine ya mlango wa korido ya vyumbani, ili upunguze na kuongeza mwanga wa sebule ukiwa upande wowote. Umeuliza pia utumie waya wa ukubwa gani, rangi ipi ya mwanga inafaa sebuleni, na kama dima hiyo hiyo inaweza kuendesha feni. Mimi naanza na hizo dima, kwa sababu dima mbili za kawaida hazifungwi kwenye saketi moja ya taa. Rudisha moja dukani leo, wakati boksi lake bado ni zima na muuzaji bado anaikumbuka sura yako.

Hivyo hivyo unavyotaka kufanya ndivyo nilivyofanya nyumbani kwangu Dar es Salaam, kwa fedha yangu mwenyewe, nikiongozwa na watu wawili waliokuwa na uhakika mwingi kuliko ujuzi wao. Wa kwanza alikuwa muuzaji wa Kariakoo. Nilimweleza kwamba taa zangu zinawashwa kutoka sehemu mbili, naye akaigeuza dima mgongo, akanionyesha skrubu tatu za kufungia nyaya, akasema kama mtu anayetoa fatwa: "Kaka, hii ni ya njia mbili. Chukua mbili, kila mlango na yake." Skrubu tatu zilikuwepo kweli, lakini maana yake si hiyo. Dima yenye skrubu tatu ni dima inayoweza kuchukua nafasi ya swichi moja kati ya zile mbili ambazo mafundi huziita tu-wei, yaani za njia mbili, zinazowasha na kuzima taa zile zile kutoka sehemu mbili, huku ile ya pili ikibaki swichi ya kawaida. Karatasi ya mchoro iliyokunjwa ndani ya boksi ilionyesha hivyo waziwazi, dima upande mmoja na swichi upande wa pili, ila karatasi yenyewe tuliitumia kupangusia vumbi la sementi. Wa pili alikuwa fundi wangu wa umeme, hodari kabisa wa kufunga soketi, ambaye alizitazama zile skrubu akasema hakuna shida. Hiyo "hakuna shida" niliilipia kwa awamu.

Nieleze kwa nini haiwezekani, maana usipoelewa sababu atakuja mtu mwingine akubadilishe mawazo. Umeme tunaotumia majumbani ni wa 230 V na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Dima hupunguza mwanga kwa kukata kipande cha kila wimbi: zile za aina ya zamani husubiri kidogo baada ya sifuri ndipo zipitishe umeme, na zile zinazopatana zaidi na LED nyingi hupitisha kuanzia kwenye sifuri kisha hukata kabla wimbi halijaisha. Aina zote mbili ni lazima ziione ile sifuri ilipo, kwa sababu hapo ndipo zinapoanzia kuhesabu muda. Ukifunga dima ya pili baada ya ya kwanza, inapokea wimbi lililokwisha kukatwa na bado inalipima kana kwamba ni zima, kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa ambacho mwenzake ameshakipitishia mkasi, akaambiwa apime jora. Haijui sifuri ya kweli ni ipi, inafungua leo hapa kesho pale, na matokeo yake ni taa kupepesa, dima kuvuma na kupata moto, na draiva ndogo zilizomo ndani ya taa za LED, zile zinazougeuza umeme wa nyumba ufae LED, kuanza kufa moja baada ya nyingine.

Atatokea mjuaji akushauri uache moja ikiwa imezungushwa hadi mwisho, kisha utumie nyingine. Nilijaribu. Dima isiyo na waya wa nyutro, yaani ule wa kurudisha umeme, hukata kijipande cha wimbi hata ikiwa juu kabisa, kwa sababu nayo inahitaji umeme wa kujiendesha, kwa hiyo ugomvi unapungua lakini hauishi. Halafu ndani ya nyumba kuna watoto na kuna wageni, na hakuna mgeni aliyewahi kuona kitasa cha kuzungusha ukutani akakiacha bila kukizungusha.

Kwangu taa zilianza kupepesa kila niliposhusha mwanga chini ya nusu, na usiku televisheni ikizimwa tukawa tunasikia mvumo kutoka ukutani. Fundi akasema taa ni feki, nikanunua nyingine za bei ya juu, nazo zikapepesa vizuri zaidi. Akasema umeme wa mtaa wetu hautulii, ingawa jokofu na kila kitu kingine ndani ya nyumba kilikuwa kimetulia. Baadaye taa mbili zikafa kabisa, na bamba la dima ya korido likawa la moto kiasi cha kutoa harufu ya plastiki. Hapo fundi akafikia uamuzi kwamba kuna waya uliojeruhiwa ndani ya ukuta wakati wa kupiga lipu, nami nikamkubalia, na hilo ndilo lililonigharimu kuliko dima na taa zote kwa pamoja. Tulitindua ukuta uliokwisha kupigwa skimu na rangi, kutoka boksi la mlango mmoja hadi la mlango wa pili, tukakata na jipsamu kufuata bomba la waya juu ya dari. Nyaya zikatoka nzima, bila mkwaruzo. Familia ikala vumbi, sofa zikafunikwa mashuka, na fundi akabaki ameshika kipande cha bomba anakitazama kana kwamba kimemdanganya.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja fundi niliyeletewa na jirani. Hakugusa ukuta. Alizima breka, akafungua maboksi yote mawili, akaona dima mbili, akauliza ni nani aliyefanya hivi, na fundi wangu akakumbuka ana simu ya kupiga nje. Mzee akatoa dima ya korido, akatia swichi ya kawaida ya njia mbili kwenye nyaya zile zile, skrubu kwa skrubu, kisha akawasha. Kimya, wala taa hazikupepesa. Swichi ile ilikuwa na bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa skimu niliyonunua kuziba mtaro wa ukutani. Kiraka chenyewe hadi leo kinaonekana jua la jioni likiingia dirishani, na mke wangu huwaambia wageni kwamba hapo pamepita bomba la maji.

Kwa hiyo saketi moja, dima moja, upande wa pili swichi. Mpangilio wake ni huu: waya wa moto kutoka kwenye breka unaingia kwenye skrubu iliyoandikwa COM, yaani ya pamoja, ya swichi ya mlango mmoja, nyaya mbili za kati zinatoka kwenye skrubu zake nyingine mbili, L1 na L2, kwenda kwenye skrubu mbili za namna hiyo za dima, na COM ya dima ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa. Nyutro inakwenda kwenye taa moja kwa moja bila kukatizwa na swichi yoyote, na waya wa ardhi ufike kwenye kila boksi na kila bamba la chuma. Baadhi ya dima haziandiki COM bali huweka mshale au alama ya wimbi, kwa hiyo ile karatasi ya mchoro usiifanye kitambaa cha vumbi. Dima iweke upande unaokaa zaidi, ukubali kwamba upande wa pili utawasha na kuzima tu kwa kiwango cha mwanga ulichokiacha.

Kama hukubali, na lazima upunguze mwanga kutoka milango yote miwili, basi nunua mfumo uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Upo wa dima kuu na mwenzake wa kampuni ile ile, ambapo yule mwenza hakati umeme wa taa bali hutuma amri tu kwa dima kuu. Upo pia wa dima inayoendeshwa kwa vitufe vinavyorudi vyenyewe ukiviachia: ukibonyeza kidogo unawasha au unazima, ukishikilia mwanga unapanda au unashuka, na unaweza kuweka kitufe kila mlango. Vitufe hivyo lazima viwe vya kuhimili 230 V; vile vya kengele za volti ndogo achana navyo. Mifumo hii huweza kudai waya wa ziada kati ya maboksi, na mingine hudai nyutro kwenye boksi la dima. Ndiyo maana nakuhimiza uvute sasa hivi, ukuta ukiwa wazi, nyaya nne kutoka boksi hadi boksi pamoja na nyutro na ardhi, hata kama leo utatumia mbili. Ncha zisizotumika zifungwe kwenye konekta na ziachwe ndani ya boksi.

Tazama pia kiwango kilichoandikwa kwenye dima yenyewe. Taa zako sita zikiwa za 5 W kila moja, jumla ni 30 W, na dima nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa balbu za waya huanzia 40 W au 60 W. Chini ya hapo LED hupepesa hata dima ikiwa moja na imefungwa sawasawa. Tafuta dima iliyoandikwa kwamba ni ya LED, yenye kiwango cha chini kilicho pungufu ya jumla yako, na taa zilizoandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa mwanga, kwa sababu zisizokubali zitakusumbua na utarudi kulaumu ukuta. Feni usiiunganishe kwenye dima ya taa. Ina regyuleta yake.

Na usimruhusu mtu yeyote afungue boksi kwa sababu tu taa zimezimwa. Kwenye saketi ya njia mbili, taa zikiwa zimezimwa bado waya mmoja kati ya zile mbili za kati una moto, na dima iliyozimwa haihesabiki kuwa umeme umekatwa. Breka izimwe, testa ipite kwenye kila skrubu, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kama fundi ameshavuta nyaya, piga picha ya ndani ya maboksi yote mawili, rangi za nyaya zionekane, na nyingine ya mgongo wa hiyo dima, uziweke hapa kabla ya lipu. Nitaziangalia jioni nikitoka kazini.